Kipindi cha michezo cha dakika 35: watoto 54, uwanja wa mchanga na jua la Mombasa

Mwalimu wa Gredi ya 4 anayetoka darasani na watoto 54 na mpira mmoja hana kipindi cha michezo, ana foleni. Piga hesabu. Watoto wakipokezana mpira huo mmoja na kila mmoja akakaa nao sekunde 10, dakika 10 za zoezi ni zamu 60. Kila mtoto ameugusa mara moja, muda wote uliobaki amesimama juani. Kusukumana, kurushiana mchanga na kelele zinazofuata huwa tunaziita utovu wa nidhamu, kumbe ni mpango wa kipindi ndio mbovu.

Mwongozo huu unataka jambo moja: kila mtoto awe na kifaa mkononi, au agawane na mwenzake mmoja tu, na alijaribu jambo analofundishwa mara 30 au zaidi kabla kengele haijalia. Mfano tutakaoufuata ni kurusha na kudaka katika madarasa ya Gredi ya 3 hadi ya 6. Ukiweza kuupanga huo, kupiga mpira kwa mguu na kuruka kamba hupangwa kwa mtindo uleule.

Saa na kivuli

Anza na mwalimu anayepanga ratiba. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma, hewa ya Mombasa hujaa unyevu na jasho halikauki mwilini. Jasho lisipokauka mwili haupoi, ndiyo sababu joto la digrii 32 hapa humchosha mtoto kuliko joto hilohilo penye hewa kavu kule bara. Machi na Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosini na kivuli cha ukuta hutoweka kabisa. Omba kipindi kiwe kabla ya saa nne asubuhi, au kiwe cha mwisho alasiri. Ukipangiwa saa sita na hakuna njia, usifanye mbio: wapeleke kivulini warushe shabaha.

Kivuli chenyewe kichaguliwe. Mwarobaini, mkungu na mwembe vinafaa, ingawa msimu wa maembe utashindana na macho ya watoto yaliyo juu matawini. Chini ya mnazi wenye nazi usiweke darasa, hata kwa dakika tano za kuwahesabu. Nazi kavu pamoja na makumbi yake huzidi kilo moja na haipigi hodi.

Uwanja

Unahitaji mita 30 kwa mita 20. Hatua ndefu ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 4 ni mita 3. Pima kwa miguu, lakini hakikisha hatua yako mara moja kwa futi kamba.

Kabla watoto hawajatoka, upite uwanja wote ukiwa na karai. Okota vigae vya chupa, misumari, nyaya na mifupa. Kazi hii ni ya mtu mzima, usimtume mtoto aliye pekupeku. Ncha za mawe ya matumbawe zinazochomoza ardhini usihangaike kuzing'oa, maana jiwe lenyewe ni pana na limezama. Mwaga juu yake debe mbili za mchanga na ushindilie, au sogeza mpaka wa mchezo mita 2 kutoka hapo.

Mistari chora kwa majivu ya kuni yaliyopoa au tandika kamba ya makumbi. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na macho ikikutana na jasho, iepuke. Koni zako ni chupa za maji za nusu lita: tia mchanga robo ya chupa, funga kizibo barabara. Usizikate. Chupa iliyokatwa huwa na makali, na lazima mtoto mmoja ataiangukia.

Pangilia safu mbili za jozi, moja yenye jozi 14 na nyingine 13. Kila jozi ipewe kichochoro chenye upana wa mita 2, na wenzi wasimame mita 4 mmoja kutoka kwa mwingine. Kati ya safu hizo mbili acha njia ya mita 5. Hiyo ni yako wewe kupita ukiangalia, na ndiyo inayopokea mipira iliyopotea. Mita 4, na 5, na 4 ni 13, ukingo wa zaidi ya mita 3 unabaki kila upande. Vichochoro vyote vielekee kaskazini na kusini, ili asubuhi au alasiri asiwepo mtoto anayedaka huku jua likimchoma machoni. Watoto wakiwa idadi ya witiri, fanya kundi moja la watatu katika pembetatu.

Mipira 27 bila kununua hata mmoja

Ule mpira wa majuala wa mitaani umekosa malighafi tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini Agosti 2017. Mpira wa soksi ni bora zaidi kwa kazi hii, maana haudundi ukakimbia na haumwumizi mtu. Na kwa kuwa mtaala wa umilisi sasa umeweka elimu ya viungo pamoja na sanaa, kushona mipira ni kipindi halali cha sanaa. Tumia vipindi viwili vya ufundi, upate vifaa vya muhula mzima.

Kila jozi ilete soksi moja ndefu (ile iliyotoboka kisigino inafaa) na nusu ya fulana kuukuu. Wasio nazo watafutie soksi zisizo na mwenza kwenye mitumba ya Kongowea. Omba tyubu mbovu kwa fundi wa baiskeli.

1. Chana fulana vipande vya upana wa vidole viwili, uvizungushe kwa kukaza mpaka upate donge la ngumi ya mtoto.
2. Sukuma donge mpaka kwenye ncha ya soksi. Nyonga shingo ya soksi mara mbili, kisha igeuze irudi kulifunika donge. Nyonga tena, geuza tena, mpaka soksi iishe.
3. Shona mdomo kwa uzi wa katani. Mafundo matatu yanatosha.
4. Kata tyubu kwa kuipasua mapana, upate pete za sentimita 1. Visha mpira pete 5 zinazopishana.

Mpira uliokamilika uwe na kipenyo cha sentimita 7 au 8 na uzito wa kama mayai mawili, yaani gramu 100 hivi. Ukiwa mwepesi mno, upepo wa kusi wa Juni na Julai utaupeleka kwa jirani na mtoto atadhani amekosea yeye. Watoto hupenda kutia mchanga ndani ili uende mbali: wakatalie, maana mpira huo huvunja pua, na mchanga huvujia kwenye macho ya anayedaka. Magazeti matupu nayo hulainika kwa jasho na umande, mpira ukabaki kama chapati. Kwa Gredi ya 1 na ya 2 tengeneza mikubwa, kipenyo cha sentimita 15, kwa soksi za mtu mzima. Mkono mdogo hudaka kitu kikubwa kabla ya kidogo.

Dakika 35 zinavyokwenda

Dakika 4 za kwanza: kutoka na kujipanga. Bangili, hereni ndefu na saa zibaki darasani. Mtandio uliofungwa kwa pini ubadilishwe na hijabu ya kuvaa kichwani moja kwa moja. Waeleze wazazi mwanzoni mwa muhula, si siku ya kipindi mtoto ameshatoka. Sketi ndefu ivaliwe na suruali ndani, na pindo lipandishwe. Ndara zivuliwe na wote. Katika mchezo wa mbio usichanganye waliovaa viatu na walio pekupeku, kwa kuwa kidole kinachokanyagwa na soli ngumu huharibu kipindi kizima.

Firimbi iwe na maana moja tu: simama, mpira chini. Mwalimu anayepiga firimbi kuanzisha, kusimamisha, kusifu na kugombeza atajikuta hakuna anayeisikia. Kwa vipindi viwili vya mwanzo wafanyishe mazoezi ya kusimama tu, wakitembea na kupigiwa firimbi, hadi wote wanatulia ndani ya sekunde 3. Muda huo si wa kupoteza. Utaurudisha kila wiki.

Dakika 6: kupasha mwili moto. Kuzunguka uwanja mara tatu ni desturi yenye umri mrefu na haina maana, kwa sababu wepesi hufika mapema na kungoja, wazito huchekwa. Kunyoosha misuli mkiwa mmesimama kimya nako kusubiri mwisho. Cheza Kisiwa. Gawa uwanja visiwa viwili vya mita 15 kwa 20, watoto 27 kila kimoja. Pande nne za kisiwa zina majina kama ramani ilivyo: kusini Likoni, magharibi Kilindini, kaskazini Makupa, mashariki Nyali. Ukitaja jina, wote waelekee upande huo. Ukisema "Feri!" wanachuchumaa, nyayo zote chini, wanahesabu mpaka tano. Ukisema "Tuktuk!" wanajipanga wawiliwawili, wa nyuma ameshika kiuno cha wa mbele, wanatembea.

Mzunguko wa kwanza ni wa kutembea, wa pili wa kurukaruka, wa tatu ndio wa mbio. Mbio zikianza, usitaje upande ulio mkabala na walipo. Taja wa jirani. Ukitoka Likoni ukaita Makupa, wa mbele watageuka wakutane uso kwa uso na wa nyuma ambao bado wanaenda Likoni, na hapo ndipo meno hutoka. Wafundishe wasimame hatua moja kabla ya mstari. Hakuna kumtoa wa mwisho: anayetolewa kwanza ndiye aliyehitaji kukimbia zaidi.

Dakika 10: kurusha na kudaka. Onyesha mara tatu bila kusema neno, ukiwa umesimama ubavu kwa watoto. Wakikutazama kwa mbele hawaoni mkono unavyorudi nyuma. Kisha wape maneno matatu ya kujisemea: ubavu, hatua, rusha.

Ubavu: bega la mkono usiorusha linatazama shabaha. Mkono unaorusha uko nyuma, kiwiko kimepanda mpaka usawa wa bega. Hatua: mguu ulio kinyume na mkono unakwenda mbele. Anayerusha kwa kulia anakanyaga kwa kushoto. Rusha: nyonga inazunguka kwanza, mkono unafuata, na baada ya mpira kutoka mkono unaishia kwenye paja la upande wa pili. Anayetumia kushoto mwache atumie kushoto, geuza miguu tu.

Kosa utakaloliona zaidi ni mkono na mguu wa upande mmoja kwenda pamoja. Kumwambia mtoto "badilisha mguu" hakusaidii, maana hajui amekanyaga upi. Mchoree mchangani alama mbili za nyayo, ya nyuma imelala ubavu na ya mbele imeelekea shabaha. Aweke mguu wa nyuma kwenye alama yake, auinue wa mbele, kisha aukanyagishe kwenye alama ya pili anaporusha. Mirusho kumi hivyo, halafu futa alama ya mbele umtazame tena.

La pili ni kiwiko kilichoshuka karibu na mbavu. Mpira wake hupanda juu na kuanguka karibu, kama anayetupa jiwe kwenye embe. Msimamishe mita 3 kutoka ukutani na mwambie apige mstari ulio usawa wa macho yake, kwa nguvu kadiri awezavyo. Nguvu yenyewe hukipandisha kiwiko. Ukimtaka alenge polepole, atazidi kukishusha.

Kwenye kudaka, kosa kubwa ni kugeuza uso. Hiyo ni hofu, na hofu ina chanzo: mwenzake anarusha kwa nguvu mno, au amewahi kupigwa na mpira mgumu. Mrudishe kwenye umbali wa mita 2, ajirushie mwenyewe juu kidogo na kudaka mara kumi, kisha mwenzake amrushie kwa mkono kutoka chini. Mpira unaokuja juu ya kifua, dole gumba mbili zikutane. Unaokuja chini ya kiuno, vidole vidogo vikutane. Na mikono ivutwe kifuani mpira unapoingia. Mikono iliyonyooka kama ubao huutema.

Umbali waachie watoto wenyewe wapime kwa sheria hii: jozi ikidaka mara 5 mfululizo, kila mmoja arudi nyuma hatua moja, ikiangusha mara 2 mfululizo, wasogeleane. Hivyo wenye ustadi na wanaoanza wanafanya kazi pamoja bila wewe kuwatenga, ila ukingo wa mita 3 usivukwe. Mpira ukipita, mwenyewe aufuate ndani ya kichochoro chake akitembea. Ukitoa dakika 2 za maelezo, zimebaki dakika 8. Jozi inayorusha kila sekunde 6 imepata mirusho 80, yaani 40 kwa kila mtoto.

Dakika 9: mchezo. Kati, mchezo wa kukwepa mpira, wanaijua wote, ila inavyochezwa mtaani ina kasoro moja kwa mwalimu: anayepigwa anatoka nje, na wasiojua kukwepa hukaa kivulini mapema. Hesabu watoto moja hadi tisa, wenye nambari moja wawe kundi, upate makundi 9 ya watoto sita. Usiwape manahodha kuchagua wachezaji. Mtoto anayechaguliwa wa mwisho kila Jumanne anajua darasa zima limemwona. Chora miraba 9 ya mita 5 kwa 5, mitatu kila safu, nafasi ya mita 2 katikati. Warushaji wawili wasimame pande zinazotazamana, wanne wakwepe ndani. Kila mraba mpira mmoja, na mipigo chini ya kiuno tu. Anayepigwa haendi popote, anataja alama kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mchezo unaendelea. Kila sekunde 90 firimbi, warushaji wabadilishwe. Mizunguko mitatu, wote sita wamerusha. Rudia.

Dakika 3 za kupoa: watembee polepole, wapumue, sasa ndipo wanyooshe mabega na nyuma ya mapaja, sekunde 15 kila upande bila kurushuka. Dakika 3 za mwisho ni za maji, kunawa na kurudi darasani.

Maji, saumu na wanaohitaji jicho

Mtungi wa lita 20 wenye bomba na vikombe vyao wenyewe, uwekwe kivulini. Kila mtoto anywe kabla ya kutoka na baada ya kumaliza, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Katikati ya kipindi, anayetaka aende bila ruhusa.

Mwezi wa Ramadhani sogeza kipindi kiwe cha kwanza asubuhi. Ondoa Kisiwa cha mbio na Kati, weka shabaha: chupa tatu kwenye umbali wa mita 4, jozi zihesabu zilizoangushwa. Usiulize mbele ya darasa nani amefunga. Watoto wadogo wengine wamefunga nusu siku, wengine wamedanganya wenzao, na swali lako litawatia aibu wote wawili. Mpangie kila mtu kazi nyepesi na yamekwisha.

Wenye pumu, dawa yao ya kuvuta iwe mfukoni mwako, si ofisini. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell) uko katika familia nyingi za Pwani: mtoto mwenye nao anywe maji zaidi, apumzike anapotaka mwenyewe, asishindanishwe mbio ndefu, na akilalamika maumivu ya mifupa au kifua mzazi aitwe mara moja. Asiketishwe nje ya kipindi. Mtoto asiyetembea vizuri hupewa umbali mfupi au mpira mkubwa, na katika Kati huwa mrushaji kwa mizunguko miwili. Asiyeona vizuri hufungiwa kwenye mpira vizibo vya chupa viwili vinavyogongana, ndani ya soksi ya pili.

Dalili za joto kumzidi mtoto ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, au ghafla kuwa mkimya na mwenye kujikokota. Mlaze kivulini, inua miguu, loanisha kitambaa umwekee shingoni na kwapani, mpepee, mpe maji kidogokidogo. Akianza kusema ovyo, akazimia, au ngozi ikawa ya moto sana, usimpe kitu cha kunywa. Mmwagie maji mwili mzima, endelea kumpepea, na apelekwe hospitali huku akiendelea kupozwa.

Na mazoezi yasitumike kuadhibu. Kurushwa kichura kwa sababu ya kuchelewa kunamfundisha mtoto kwamba mwili ukichoka ni adhabu, na tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kwa njia yoyote.

Kuweka alama

Huwezi kuwatazama 54 kwa siku moja, usijidanganye. Kila kipindi chagua sita, angalia kitu kimoja: mguu wa kinyume unatangulia au la? Baada ya vipindi tisa umewapitia wote. Anayefanya hivyo hata kwenye joto la mchezo amezidi matarajio. Anayefanya katika zoezi peke yake amefikia. Anayefanya ukimkumbusha anakaribia. Asiyeweza hata akiwa na alama za nyayo yuko mbali, na huyo ndiye wa kuanza naye kipindi kijacho. Umbali mpira ulikofika usiuwekee alama, maana unapima kimo na umri kuliko ulichofundisha.

Mvua za Aprili na Mei zikijaza uwanja maji, hamia barazani na kamba za kuruka, watoto watatu kwa kamba moja, wawili wakizungusha. Mipira ya soksi isilale na unyevu. Ianikwe juani kila Ijumaa juu ya chekeche au wavu, ihesabiwe 27, ndipo iingie gunia la katani, kwa sababu kwenye ndoo yenye kifuniko huota ukungu ndani ya siku chache. Pete ya tyubu iliyokatika ivishwe nyingine siku hiyohiyo. Mpira wenye pete nne hulegea, na kufikia wiki ijayo soksi imefumuka.